ATEC ukiwa kazini: chagua njia kwa kalenda yako, sio kwa bango la chuo

Kariakoo imejaa wahasibu wasio na karatasi. Ingia duka lolote la jumla, mtaa wa Aggrey, Livingstone, Congo, popote pale, nyuma ya kaunta utakuta kijana kainamia laptopu, Tally, ile programu ya mahesabu, iko wazi, pembeni faili limevimba risiti za EFD, zile za mashine ya kodi, na kikokotoo ambacho namba 5 imeshafutika. Huyo ndo anajua mteja gani wa Songea anadaiwa, mzigo gani umelipiwa nusu na hela ya lipa namba ya juzi imekwama wapi. Muulize uhasibu kasomea wapi, atacheka tu, "hapahapa dada". Na kweli anajua, sio utani. Ila siku mpwa wa bosi akirudi kutoka chuo na kiti kikatakiwa, yule kijana anatoka na begi lake mgongoni na hana hata karatasi moja ya kumwambia mwajiri mwingine kwamba miaka yote ile alikua anafanya nini.

Mi nimetokea hukohuko nyuma ya kaunta. Vifaa vya ujenzi, mabati, misumari, nondo. Cheti cha ATEC, kile cha fundi uhasibu kinachotolewa na bodi ya wahasibu, nimekipata nikiwa kazini, na sasa hivi niko njiani kwenye mitihani ya juu yake, kwa hiyo naongea kama mtu ambaye bado vumbi lipo miguuni. Vijana wengi wananiuliza swali lilelile, nitasomaje uhasibu bila kuacha kazi, na majibu wanayopewa mtaani mengi ni matangazo ya chuo. Huyu anasema njoo jioni, yule anasema njoo wikiendi, mwingine anasema soma onlaini ukiwa kitandani. Hakuna anayewauliza swali la maana: mwezi gani kazini kwako hamlali?

Tuanze na kitu ambacho watu wengi hawakielewi. NBAA, yaani Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, ile iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1972, yenyewe haikai darasani kukufundisha kozi. Yenyewe inatoa silabasi, inatunga mtihani, inasahihisha, inasajili watu. Umejifunzia wapi ni shauri yako. Ukitaka nenda kituo cha rivyuu, yaani cha kukuandaa na mtihani, ukitaka kaa na vitabu vyako chumbani Mbagala feni ikiwa inapuliza, ukitaka tafuta kaka mwenye CPA, kile cheti cha juu cha uhasibu, akufundishe Jumapili baada ya ibada kwa bei ya kuelewana. Bodi inakutaka siku ya mtihani, basi. Hiyo ndo njia isiyobana kuliko zote tulizonazo Bongo na ajabu ndo inatangazwa kidogo kuliko zote, maana nani atalipia bango la kukwambia unaweza kusoma mwenyewe?

ATEC ina ngazi mbili. Ya kwanza ina masomo manne, utunzaji wa vitabu na hesabu, hisabati na takwimu za biashara, utangulizi wa mambo ya kompyuta, na stadi za mawasiliano ya biashara. Ya pili manne tena: kanuni za uhasibu na ukaguzi, uhasibu wa gharama pamoja na manunuzi, maarifa ya biashara na kodi, halafu uhasibu wa sekta ya umma na vyama vya ushirika. Ukimaliza ya pili unaweza kusajiliwa na Bodi kwenye daraja la ufundi la uhasibu, na mlango wa hatua ya kwanza ya mitihani ya CPA uko wazi mbele yako. Mtu wa kidato cha nne mwenye cheti chake anaweza kuanzia ngazi ya kwanza, cheki tu vigezo vya ufaulu kwenye tovuti ya Bodi kabla hujalipa chochote, usimsikilize wakala.

Sasa kwa nini nasema mtu wa dukani asiogope hizo pepa. Ngoja nikuoneshe kitu kimoja. Pale ofisini nina dogo namfundisha, ananiita dada, kijana mzuri ila ana haraka. Ijumaa moja anafunga petikashi, ile hela ya matumizi madogo ya ofisi. Floti yetu, yaani hela inayotakiwa kuwepo kisandukuni tukianza, ni 200,000. Kakusanya vocha zake mezani: boda boda na nauli 42,000, chai na maji 38,500, karatasi na wino 27,000, kuli wa kushusha mabati 56,000. Jumla 163,500. Kwa hiyo kwenye kisanduku inatakiwa ibaki 36,500, kahesabu mara ya kwanza 31,500, kahesabu tena, zile noti za elfu elfu zilizokunjamana kazinyoosha moja moja juu ya meza, bado 31,500. Akanyamaza. Halafu namuona anachukua kitabu cha vocha anaanza kuandika "usafiri 5,000".

Nikamwambia mdogo wangu weka kalamu chini.

Hapo ndo uhasibu ulipo, sio kwenye Tally. Hela ya kurudisha floti iwe kamili ni 168,500, sio 163,500, na ile 5,000 inaandikwa pungufu, inawekwa kwenye jina la mtu au kwenye akaunti ya upungufu mpaka bosi aamue, inasainiwa. Ukitengeneza vocha ya uongo ya elfu tano leo, mwezi ujao utatengeneza ya elfu hamsini na mkono hautatetemeka. Sasa fungua pepa ya utunzaji wa vitabu, utakuta mfumo huohuo wa petikashi wenye floti, vocha zimeorodheshwa, salio limetajwa, wanauliza kiasi cha kurejesha. Dogo alipoliona swali la hivyo kwenye mitihani ya nyuma akaniangalia, "dada hili si la Ijumaa ile?" Ndio mzee, ni la Ijumaa ile.

Au VAT, kodi ya ongezeko la thamani. Mtaani kwetu mtu akiambiwa toa VAT kwenye mauzo ya 1,180,000 ambayo kodi imeshamo ndani, anapiga asilimia 18 ya yote anapata 212,400 anaipeleka TRA bosi analia. Sahihi ni kuchukua 18 juu ya 118, inakuja 180,000. Tofauti ya 32,400 kwenye risiti moja! Mwenye duka mwenye risiti mia kwa mwezi fanya mwenyewe hesabu. Hilo nalo lipo kwenye silabasi ya kodi ngazi ya pili. Kwa hiyo mtu aliyekaa kaunta anaingia kwenye chumba cha mtihani akiwa na nusu ya kitabu kichwani, nusu iliyobaki ni lugha na mpangilio. Na lugha ni Kiingereza, hapo niseme ukweli, wengi wanaanguka hapo, sio kwenye hesabu. Anajua kufanya ila hajui swali linataka nini. Ile pepa ya mawasiliano ambayo watu wanaichukulia poa, mi ningesema anza nayo mapema kuliko zote, soma barua za biashara, soma ripoti fupi, andika kila siku japo aya moja.

Sasa njia ya pili, ya chuo. TIA pale Kurasini, kituo cha daladala kinaitwa Uhasibu kabisa, IFM mjini mtaa wa Shaaban Robert, CBE barabara ya Bibi Titi, Chuo cha Uhasibu Arusha kule Njiro na matawi yao. Hawa wanafuata ngazi za NTA, yaani ngazi za tuzo za elimu ya ufundi, zinazosimamiwa na NACTVET, baraza la taifa la elimu ya ufundi: ngazi ya nne astashahada ya awali, ya tano, ya sita ndo stashahada yenyewe, na kila ngazi kwa kawaida ni mwaka mmoja. Ukiwa na D nne za form four unaweza kuingia ngazi ya nne, ukiwa na form six yenye prinsipo moja na sabsidiari unaruka moja kwa moja kwenye diploma ya miaka miwili. Kuna vipindi vya jioni, na vyuo vingi vina udahili wa Septemba na wa Machi, kwa hiyo ukikosa huu hausubiri mwaka mzima.

Watu wanaita hiyo ndo njia rahisi kwa mfanyakazi kwa sababu ya neno jioni. Mi nakataa. Jioni ya Dar ni ipi? Unafunga mahesabu saa kumi na moja na nusu kama Mungu kapenda, mteja wa mwisho anataka risiti ibadilishwe jina, unatoka unakimbilia gari, foleni, unafika darasani mwalimu yuko katikati ya mada na wewe jasho linakutoka, na kesho kuna asaimenti ya kundi na kundi lako nusu ni watoto waliotoka shule juzi ambao wanataka kukutana saa nane mchana. Halafu chuo kinahesabu kazi za darasani, majaribio, mahudhurio, yaani kinakutaka kila wiki, semista nzima. Sio kibaya. Kwa mtu ambaye hawezi kukaa na kitabu bila kusimamiwa ni bora kuliko ATEC mara kumi, na unapata walimu, unapata rafiki, unapata fildi. Ila usidanganywe kwamba kinakuacha huru. Kinakubana kidogo kidogo kila siku, wakati Bodi inakubana mara mbili kwa mwaka ila inabana kweli.

Mara mbili ni Mei na Novemba. Hapa ndo nataka tukae.

Chukua daftari, chora miezi kumi na miwili, andika moto wa kazi yako. Duka au kampuni ya kawaida hapa nchini kila mwezi tarehe 7 una PAYE (kodi ya mishahara), SDL (tozo ya ufundi stadi) na kodi za zuio, tarehe 20 una ritani za VAT. Machi, Juni, Septemba, Desemba mwishoni kuna awamu za kodi ya makadirio. Kampuni inayofunga mwaka Desemba inatakiwa ipeleke ritani ya mwisho ndani ya miezi sita, maana yake tarehe 30 Juni, maana yake Aprili na Mei mkaguzi wa nje anakudai makaratasi, anataka uthibitisho wa salio la benki, anataka stoku ya Desemba ambayo mtu aliandika kwa penseli. Sasa wewe unajisajili mtihani wa Mei! Unasoma saa ngapi? Mtu wa hivyo namwambia bila kupepesa macho, Novemba ni yako, Mei waachie wengine.

Mtu wa halmashauri au taasisi ya serikali kwake ni kinyume. Mwaka wao unafunga 30 Juni, hesabu zinatakiwa ziende kwa CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, ndani ya miezi mitatu, mwisho wa Septemba. Baada ya hapo wakaguzi wanaingia, Novemba wako mezani kwako wanaomba vocha namba fulani ambayo haipo kwenye faili na aliyeitoa kahamia Kigoma. Huyo Mei inamfaa zaidi, japo Juni inanukia.

Halafu kuna watu ambao hakuna mtu wa Dar anawafikiria, makarani wa AMCOS, vile vyama vya ushirika vya wakulima. Hawa ndo wanashika hela za wakulima wengi kuliko maduka yetu yote hapa na mara nyingi wana form four tu na daftari. Karani wa korosho Newala au Tandahimba, minada inaanza Oktoba, mpaka mwaka mpya unaingia yeye halali, stakabadhi za ghala, malipo ya wakulima, makato, kila mtu anauliza hela yangu iko wapi. Ukimwambia huyo afanye mtihani Novemba unamchokoza. Mei ndo yake kabisa. Karani wa pamba Bariadi au Maswa yeye msimu wa kununua unafunguliwa Mei, kwa hiyo Novemba. Nchi moja, Bodi moja, mtihani mmoja, na jibu ni tofauti kabisa kwa sababu ya zao. Na kama ulivyoona hapo juu ile pepa ya ngazi ya pili ina ushirika ndani, hawa watu wanaifanya kila siku kwa mikono yao. Natamani sana kuona wanajaa kwenye ile mitihani lakini nani atawaambia, semina zinazofika kule ni za viuatilifu.

Na likizo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa siku 28 za likizo kwa mwaka. Wengi wetu tunaimalizia kwenye msiba na harusi na Krismasi kijijini. Ukiamua kufanya hii kitu, huo mwaka likizo yako ni ya mtihani, wiki mbili kabla na siku za pepa zenyewe, mama atalalamika, shangazi atasema siku hizi unajiona, utamletea kitenge mwaka ujao.

Kwa ambaye hata form four hana, au alifeli akakata tamaa, mlango upo ila ni mrefu kidogo. Kama uliishia la saba au hukumaliza sekondari unaanza na mtihani wa maarifa wa NECTA, baraza la mitihani, ule wanaouita QT, ukifaulu unaruhusiwa kufanya cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, halafu ndo unakuja huku. Vituo vya masomo vya jioni vipo tele na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima wana mfumo wao. Uliyepata matokeo mabovu unarudia masomo unayoyataka tu kwa kujitegemea. Na tafadhali hisabati isikutishe sana, hesabu za ATEC ni asilimia, riba, wastani, grafu, sio zile za kukokotoa pembe ya mnara.

Nina binamu yangu Mombasa, anafanya kazi kwenye kampuni ya klaringi, tukiongea kwenye simu yeye ananicheka mimi na Mei na Novemba yangu. Kenya wana Kasneb, imekuwepo tangu 1969, na wao kwa ngazi hii wana diploma inayoitwa ATD. Mitihani yao sasa inafanyika mara tatu kwa mwaka, Aprili, Agosti na Desemba. Na Kasneb kama Bodi yetu, kazi yake ni kutahini, hivyo unaweza kwenda koleji au ukajisomea. Kinachonifurahisha kwao ni jinsi ATD inavyomwokoa mtu wa C minus. Kuingia CPA moja kwa moja kwao unatakiwa KCSE, mtihani wao wa kumaliza sekondari, uwe na C plus, wengi hawana, binamu yangu hakuwa nayo. Akaingia ATD kwa C minus yake, akamaliza, na sasa anaruhusiwa kuingia CPA palepale na wale wa C plus, hakuna anayemuuliza tena alipata nini form four. Yeye aliichagua Agosti, maana Desemba makontena ya sikukuu bandarini yanamtoa roho. Unaona? Kalenda tena. Uganda na Rwanda nao wana za kwao kupitia bodi zao za wahasibu, kwa hiyo ukihama mpaka usianze kulia, uliza kwanza wanakusamehe pepa zipi.

Na kwa ndugu zetu walioko Uingereza, kule kuna AAT, chama cha tangu 1980, na ukisikia mtu anasema hana ratiba basi hiyo ndo haina ratiba kweli. Ngazi ya 2, 3 na 4, huulizwi cheti chochote cha kuingilia, mtihani unafanywa kwenye kompyuta kituoni, unabuku siku ukiwa tayari, kufaulu ni asilimia 70. Unaweza kusoma mwenyewe kwa mtandao, unaweza kwenda koleji, au unaajiriwa kama mwanagenzi unalipwa huku unasoma. Dada mmoja niliyesoma naye sekondari yuko Leicester, anafanya shifti za kuhudumia wazee, usiku anarudi anafungua laptopu. Anasema uzuri wake ni kwamba hakuna anayekusukuma na ubaya wake ni kwamba hakuna anayekusukuma. Kila akikaribia kubuku anapewa shifti ya ziada, hela tamu, anasogeza wiki, wiki inazaa mwezi.

Ndo maana mi, japo nalalamika, nimeishia kuipenda Mei na Novemba. Ukilipia ile namba ya malipo hela imeshaondoka na tarehe haikusubiri. Ningepewa uhuru wa yule dada wa Leicester nahisi mpaka leo ningekua ngazi ya kwanza. Lakini hilo ni langu, kuna watu wanaweza, mtu mwenye zamu zinazobadilika kila wiki kama nesi au mlinzi, kwake tarehe mbili kwa mwaka ni ukatili, na hapo naona Bodi yetu siku moja itabidi ifikirie hata hizi ngazi za chini kufanyika kwa kompyuta mara nyingi zaidi.

Kitu kingine. Njia isiyobana sio njia ya mkato, na Bongo hivi viwili vinachanganywa makusudi na watu wanaotafuta hela yako. Aprili 2017 Rais Magufuli alikabidhiwa ripoti ya uhakiki pale Dodoma, watumishi wa umma 9,932 wakakutwa na vyeti vya kughushi, wakaondolewa. Wengine walikua wazoefu wa kazi kabisa. Mtu anakwambia "nipe laki tatu cheti unacho Jumatatu" huyo anakuuzia kesi. Na kuna hivi vituo vya rivyuu vya chumba kimoja juu ya saluni, sio vyote, kuna vizuri sana vyenye walimu wanaojua, ila mimi nilishalipia kimoja ambacho mwalimu wa gharama alionekana wiki ya kwanza akapotea na ada haikurudi. Siku hizi namwambia mtu lipa kwa mwezi, kaa kipindi kimoja bure kwanza, uliza waliopita. Kama ni chuo cha NTA hakikisha kwenye orodha ya NACTVET kwamba chuo na kozi yenyewe vyote vimesajiliwa, sio chuo tu.

Vitabu sio tatizo kama zamani. Mitihani ya nyuma na majibu yake ipo, vikundi vya WhatsApp na Telegram vimejaa PDF, tena vimejaa kupita kiasi, mtu ana GB nne za notsi na hajafungua hata moja. Mi nafanya hivi: silabasi naichapisha, naibandika ukutani, pepa za miaka ya nyuma nazifanya kwa saa ya ukutani bila kuangalia majibu, kwa kalamu na karatasi, maana Tally inakuzoesha vibaya. Tally ukipost upande mmoja inakukumbusha upande wa pili. Karatasi haikukumbushi kitu. Urari wako usipolingana zikiwa zimeshapita saa mbili na dakika arobaini ndani ya chumba cha mtihani ni wewe na kalamu yako.

Hela nayo uipange kwa kalenda, kuna kujisajili uanafunzi, kuna ada ya mtihani, kuna rivyuu kama unaenda, kuna nauli na kulala kama kituo cha mtihani kiko mkoa mwingine. Sisi wa Dar tunasahau hilo la mwisho. Usajili wa mtihani unafungwa mapema sana kabla ya mtihani wenyewe, kwa hiyo mtu wa Novemba anatakiwa awe na hela mkononi wakati wenzake bado wako kwenye nanenane. Ukisubiri mshahara wa Oktoba umeshachelewa.

Dogo wangu wa petikashi amejisajili ngazi ya kwanza, Novemba. Shughuli ilikua kwa bosi. Tulimwendea wawili asubuhi kabla wateja hawajaanza, shikamoo mzee, marahaba, nikamweleza kwamba kijana anaomba likizo yake ya mwaka aichukue mwezi huo. Mzee akauliza akishapata hicho cheti si ataondoka? Dogo akajibu mwenyewe, nilikua sijampanga, akasema mzee nikipata cheti mkaguzi akija hutalipia mtu wa nje kuandaa hesabu, nitaandaa mimi. Mzee akakuna kidevu, akauliza yule wa nje tunamlipa shilingi ngapi, nikamtajia. Likizo ikapita, kwa sharti kwamba stoku ya Desemba anaisimamia yeye, Jumapili zote mbili, bila ovataimu.